Shaba Ikienda, Filamu Ikija

Jumapili, tarehe 7 Desemba 1941, ndege za Japani zilishambulia Pearl Harbor na Marekani ikaingia vitani. Jumanne yake, tarehe 9, katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, mji wa Katanga huko Kongo ya Wabelgiji, askari waliwamiminia risasi wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waliokuwa wamegoma. Bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa sababu ya vita, mshahara ukabaki palepale. Miongoni mwa waliouawa alikuwa Léonard Mpoyi, karani aliyesimama kuwasemea wenzake mbele ya Gavana Amour Maron. Hesabu ya waliokufa ilibaki na ubishi, ila hata ile ya serikali ilikuwa ya makumi ya watu.

Vitabu vya historia huyaweka matukio haya mawili mbalimbali, moja katika vita vya dunia, jingine katika mambo ya Kongo. Kwa Elisabethville yalikuwa ya wiki moja. Na kwa miaka iliyofuata yaliendelea kwenda pamoja: mji ulioipa vita shaba na urani ukawa unapokea filamu za Marekani, na watawala waliokuwa wakiogopa mgomo mwingine wakajiweka mlangoni kuamua nani aingie kuzitazama.

Mji huu, ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli ya kutoka kusini ilipoufikia. Kwa muda mrefu macho yake yalielekea kusini kuliko Léopoldville, mji mkuu wa koloni: makaa ya mawe yalitoka Wankie, unga wa mahindi Rhodesia, mafundi wengi wa kizungu Afrika Kusini. Ulipimwa pande mbili. Huku mji wa wazungu, na kule site ya Waafrika, iliyoitwa Albert, ambayo leo ni Kamalondo. Baadaye zikaongezeka Kenya, Katuba na Ruashi. Katikati uliachwa ukanda mtupu wa mita mia kadhaa, na watetezi wake walisema ni kwa ajili ya afya, eti mbu wa malaria hawezi kuuvuka. Saa tatu usiku Mwafrika asiye na kibali hakutakiwa kuonekana upande wa wazungu. Kwa hiyo hata kabla ya sheria yoyote ya sinema, saa peke yake ilikuwa sheria tosha. Filamu ya usiku ilianza wakati boyi anatakiwa awe amesharudi site.

Mei 1940 Ubelgiji iliangukia mikononi mwa Wajerumani. Gavana Mkuu Pierre Ryckmans akaiweka Kongo upande wa Washirika, na koloni likabaki bila nchi mama. Pamoja na barua, mvinyo na vipuri, filamu mpya za Brussels na Paris nazo zikakatika, kwa kuwa sinema ya Ulaya iliyotekwa sasa ilikuwa chini ya jicho la Berlin. Zilizobaki kupatikana ni za Waingereza na za Wamarekani, na Wamarekani ndio waliokuwa na nyingi.

Hollywood ya wakati ule ilikuwa inaendeshwa kama kiwanda hasa. Kampuni 5 kubwa, MGM, Paramount, Warner Bros., RKO na 20th Century-Fox, zilikuwa na viwanja vyao vya kupigia picha, waigizaji wao waliofungwa kwa mikataba ya miaka, na kumbi zao za kuonyeshea. Chini yao kulikuwa na Columbia, Universal na United Artists, na chini zaidi vikampuni vya filamu za bei rahisi kama Republic na Monogram. Juni 1942 serikali ya Roosevelt ilianzisha Ofisi ya Habari za Vita, na ofisi hiyo ikawapa wenye studio mwongozo ambao swali lake la kwanza lilikuwa iwapo filamu wanayotaka kutengeneza itasaidia kushinda vita. Studio hazikuamrishwa, zilishauriwa. Lakini ofisi hiyohiyo ilikuwa na sauti katika kupeleka filamu nchi za nje, kwa hiyo ushauri wake ulisikilizwa.

Sasa tuingie ndani ya chumba cha mashine, maana humo ndimo shaba ilimokutana na filamu. Taa ya mashine ya sinema ya zama zile haikuwa balbu. Zilikuwa fimbo mbili za kaboni zilizoelekezwa ncha kwa ncha, umeme ukaruka katikati yake kwa mwanga mkali usiotazamika kwa macho matupu. Fimbo hizo zilipakwa ngozi nyembamba ya shaba ili umeme upite vizuri. Kadiri zilivyoungua, shaba iliyeyuka ikadondoka chini ya taa, tone baada ya tone. Katika amani hakuna aliyeyajali matone yale. Vita vilipopamba moto, waendesha mashine wa Marekani walihimizwa kuyakusanya kwenye makopo na kuyarudisha yakayeyushwe upya, kwa sababu shaba ilihitajika kwenye maganda ya risasi na nyaya za simu za jeshi. Nchi tajiri kuliko zote ilikuwa inaokota matone, huku Katanga ikichimba zaidi ya tani 150,000 kwa mwaka na kuziuza kwa Washirika. Waliozichimba ni wenzake Mpoyi.

Urani ndiyo hadithi kubwa zaidi, na hiyo ilifichwa. Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alikuwa amesafirisha tani zipatazo 1,200 za madini kutoka Shinkolobwe hadi ghala moja la Staten Island, New York, tangu mwaka 1940. Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani akaja kuyanunua, na sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ikatoka huko karibu na Likasi. Hollywood nayo ilinusa. Alfred Hitchcock na mwandishi wake Ben Hecht walianza kutunga Notorious kabla ya Hiroshima, wakaweka kiini cha hadithi kwenye chupa za mvinyo zilizojazwa madini ya urani. Filamu ilitoka 1946, Ingrid Bergman na Cary Grant wakinyemelea ghala la mvinyo usiku. Ila mgodi wa filamu hiyo uko Brazili. Mtu wa Likasi akiitazama leo ana haki ya kucheka kidogo.

Kongo hata hivyo ilitajwa, au tuseme jirani yake. Casablanca ya Warner Bros. ilionyeshwa kwa mara ya kwanza New York tarehe 26 Novemba 1942. Watu wengi wanaikumbuka kwa wimbo wake na kwa ndege inayopaa katika ukungu, lakini wanasahau wale wanaume wawili wanakwenda wapi. Kapteni Renault anamwambia Rick kwamba kuna kikosi cha Ufaransa Huru kule Brazzaville. Ndipo wanapoelekea wakati filamu inakwisha: ng'ambo ya mto kutoka Léopoldville, mji ambao de Gaulle aliufanya makao makuu ya Ufaransa Huru mwaka 1940. Filamu nzima ni ya watu wanaotafuta njia ya kwenda Amerika, na shujaa wake anageuka kuelekea Afrika ya kati. Ilipigwa picha California tupu, lakini safari hiyo ina maana kwa msomaji wa kwetu kuliko kwa mtazamaji wa Chicago. Na pale kwenye piano yuko Sam, Mwafrika wa Marekani, rafiki wa Rick. Dooley Wilson aliyemwigiza alikuwa mpiga ngoma. Piano hakuijua, alikuwa akiigiza vidole tu.

Filamu ninayoiona nzito zaidi kwa upande wetu ni nyingine, Sahara ya Columbia, ya mwaka 1943. Humphrey Bogart ni sajini wa kifaru kilichopotea jangwani Libya. Njiani anakutana na sajini wa Kisudani, Tambul, anayetembea kwa miguu akimswaga mfungwa wa Kiitaliano. Tambul aliigizwa na Rex Ingram, Mwafrika wa Marekani, mtu wa kimo na sauti. Yeye ndiye anayekijua kisima, ndiye anayeshuka ndani yake kukinga maji kidogokidogo, na baadaye ndiye anayemkimbiza afisa wa Kijerumani mtoro mchangani na kumuua kwa mikono yake. Kwa Hollywood ya wakati ule, iliyozoea kumpa mweusi kazi ya kufungua mlango na kuchekesha, jambo hilo halikuwa dogo.

Fikiria picha hiyo mbele ya askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo. Wanaume wa Kongo walikuwa wamefanya mambo hayo kwa miili yao. Mwaka 1941 walipanda milima ya Ethiopia, wakapigana Asosa na Gambela, na tarehe 3 Julai huko Saio Jenerali Pietro Gazzera wa Italia akasalimu amri na jeshi lake. Wakongo waliwaswaga Waitaliano mateka miaka miwili kabla Tambul hajafanya hivyo kwenye kitambaa cheupe. Halafu walirudi nyumbani na kukuta mshahara uleule na fimbo ileile. Februari 1944 kambi ya Luluabourg iliasi, na wasiwasi ukafika hadi Elisabethville.

Mwaka 1945, vita vikielekea ukingoni, sheria ikaandikwa. Ilikatazwa kuingiza katika ukumbi wowote wa sinema, wa watu wote au wa binafsi, mtu asiye wa jamii ya Wazungu au ya Waasia, isipokuwa kwa filamu zilizopitishwa na tume ya ukaguzi kwa ajili ya Waafrika. Tuisome taratibu. Haikutaja elimu, wala umri, wala lugha. Duka la Mhindi lilikuwa jirani na duka la Mgiriki, na wote wawili waliruhusiwa. Karani aliyesoma kwa mapadri, anayeandika Kifaransa safi kuliko fundi mzungu wa karakana, hakuruhusiwa. Watawala walidai wanamlinda Mwafrika asichanganyikiwe na picha. Mimi naona walikuwa wanamlinda mzungu asionekane: akiwa amelewa, akiiba benki, akimbusu mke wa mwenzake, akipigwa. Filamu za Marekani zilikuwa zimejaa wazungu wa namna hiyo, na heshima ya mkoloni ilisimama juu ya dai kwamba hawapo.

Basi site ikaonyeshwa nini? Makambi ya Union Minière na misheni zilikuwa na maonyesho yao. Yalifanyika nje, giza likishaingia, kitambaa au ukuta uliopakwa chokaa, mashine juu ya meza, watoto mbele chini, na mara nyingi mtu wa kipaza sauti akieleza kwa Kiswahili kinachotokea. Baada ya vita serikali ya Léopoldville ilifungua idara yake ya filamu chini ya Louis Van Bever, iliyotoa filamu za usafi, kilimo na adabu, na magari ya kuzizungusha. Van Bever aliamini kwamba Mwafrika anahitaji filamu ya polepole, isiyoruka kutoka wakati mmoja hadi mwingine. Ni imani ya ajabu kwa watu ambao bibi zao huwasimulia hadithi ndani ya hadithi mpaka moto uzimike.

Filamu za Hollywood zilizopita mkononi mwa wakaguzi zilikuwa hasa za kauboi, na hapo ndipo mkasi ulipojikata wenyewe. Zilitoka kwa wale wa chini kabisa wa Hollywood, Republic na wenzake, wakizitengeneza kwa siku chache kwa fedha kidogo: saa moja hivi, farasi, bastola, jambazi mwenye masharubu, mwimbaji kama Gene Autry au mpiganaji kama Buck Jones. Maneno machache, kwa hiyo mfasiri hakuchoka. Mwema alijulikana kwa kofia na mbaya alijulikana kwa uso. Wakaguzi waliziona za kitoto, hazina siasa. Hivyo ndivyo zilivyokuwa huko zilikotengenezwa.

Ng'ambo ya mpaka, katika miji ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, jambo hilihili lilikuwa limeshaonekana. Makampuni ya migodi huko yalionyesha sinema za nje katika makambi ya wafanyakazi, na kauboi walitawala. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani Hortense Powdermaker, aliyekaa Luanshya mwaka 1953 na 1954, alikuta kila shujaa wa kauboi anaitwa Jeke, kutokana na Jack, pengine yule Jack Holt wa zamani. Jeke hakuwa mtu mmoja. Alikuwa yeyote mwenye kofia anayepiga na asipigwe. Watazamaji hawakukaa kimya kama kanisani. Walisimama, walimwelekeza Jeke adui yuko wapi, walirusha ngumi hewani, na watoto kesho yake walitembea barabarani wamefunga vitambaa shingoni. Powdermaker aliwauliza watu kwa nini wanampenda, na majibu yakawa juu ya ushupavu wa mtu mmoja asiyeogopa. Kutoka Luanshya hadi Elisabethville ni mwendo wa siku kwa treni, na familia za pande zote mbili zilikuwa zikitembeleana, Walamba na Wabemba kwa jamaa zao.

Léopoldville ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1944 20th Century-Fox ilitoa Buffalo Bill, filamu ya rangi ya William Wellman, Joel McCrea akiwa katika ngozi yenye pindo. Miaka ya 1950 vijana wa site za Léopoldville walijiita Mabill, wakavaa jinzi na vitambaa, wakagawana mitaa, wakajitungia lugha yao, Hindubill. Mwanahistoria Didier Gondola ameandika kitabu kizima juu yao, na hakuwaremba. Kulikuwa na ubabe na ukatili kwa wasichana humo. Lakini tarehe 4 Januari 1959, Léopoldville ilipowaka na Ubelgiji ikaanza kuhesabu siku zake, Mabill walikuwa barabarani. Mkaguzi alikuwa amezuia filamu za watu wazima akaruhusu mtu mwenye kofia na bunduki anayechukua haki mikononi mwake. Sijui alitegemea watu wajifunze nini kwake.

Mapadri waliliona tatizo mapema kuliko serikali. Badala ya kukata tu, walianza kutengeneza. Huko Kasai Padri Albert Van Haelst alipiga filamu za vichekesho za Matamata na Pilipili, mnene na mwembamba, ambao mtu yeyote aliyewahi kuwaona Laurel na Hardy anawatambua mara moja. Kwamba dawa ya Hollywood ilitengenezwa kwa mapishi ya Hollywood haikuwasumbua.

Katanga yenyewe haikuacha majeshi ya Mabill. Ilichoacha ni jukwaa. Katika mtaa wa Kenya lilizaliwa kundi la JECOKE, vijana wachekeshaji wa Kenya, waliochanganya nyimbo, dansi na vichekesho mbele ya watu, na humo akapita Edouard Masengo na gitaa lake. Mitindo iliwajia kwa njia nyingi, santuri za Afrika Kusini zikiwamo, na Afrika Kusini nako kulikuwa kumewaka moto kwa filamu moja ya vita, Stormy Weather ya 1943. Ndani yake walikuwemo Lena Horne, Cab Calloway kwa suti yake pana, na ndugu wawili Nicholas wakiruka ngazi na kutua miguu imepanuka. Filamu hiyo ilikuwa na historia yake: mwaka 1942 Walter White wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi wa Marekani, alikwenda Hollywood kuwataka wakubwa wa studio waache kuwaonyesha weusi kama watumishi na vikaragosi tu. Kwenye vitongoji vya Johannesburg makundi ya waimbaji waliinakili kuanzia kiatu hadi kofia.

Mwaka 1951 Hollywood ilikuja Kongo kwa miguu yake. John Huston, ambaye vitani alilipigia jeshi filamu, aliweka kambi Biondo, kando ya mto Ruiki, si mbali na Ponthierville, kutengeneza The African Queen. Pamoja naye alikuwa Bogart yuleyule wa Casablanca na Sahara, na Katharine Hepburn. Karibu kila mtu aliugua tumbo. Bogart na Huston walinusurika, na wote wawili walidai ni kwa sababu hawakunywa maji, walikunywa wiski. Wakongo walibeba mizigo, walijenga nyumba za kambi, walivuta maboti. Kuingia ukumbini kumtazama Bogart pamoja na wazungu lilikuwa jambo jingine.

Machi 1952 Bogart alipewa Oscar kwa filamu hiyo. Miaka hiyohiyo Van Bever alichapisha kitabu chake juu ya sinema kwa Waafrika. Na mwaka huohuo wa 1952, huko Jadotville, ambayo ndiyo Likasi ya leo, Hugh Tracey aliyekuwa akizunguka na mashine yake ya kurekodia alimkuta kijana akipiga gitaa, Mwenda Jean Bosco, akamrekodi. Santuri zake zilitolewa na Gallotone ya Johannesburg, zikafika hadi Nairobi, na mwaka 1959 wenye dawa ya Aspro walimwita Kenya awatangazie bidhaa kwa gitaa.